Dakika Moja na Nusu

Simu ilinikuta nasahihisha mitihani. Ilikuwa asubuhi, ofisini kwangu chuoni, feni ikihangaika kupeperusha karatasi nilizokuwa nimezikandamiza kwa kikombe cha chai. Namba sikuijua. Sauti ilikuwa ya kijana wa kiume, sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Shikamoo mama. Mimi ni mpwa wake Fundi Hatibu wa Kirongwe, huku Mafia. Mjomba ametutoka alfajiri. Tunamzika leo baada ya adhuhuri." Nilisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikauliza alikuwa anaumwa nini, nikajibiwa kifua, cha siku nyingi. Kisha likanitoka swali ambalo lilinishangaza mwenyewe: "Nani amekwambia unipigie mimi?" Kijana akajibu, "Namba yako tumeikuta kwenye simu yake. Ameiandika Mwalimu wa Nyota. Tukajua ni mtu wake wa karibu." Sijui nani alimpa namba hiyo. Hakuwahi kunipigia, wala mimi sikuwahi kumpigia. Niliweka kalamu chini nikakaa vile vile, mpaka mwanafunzi mmoja akabisha hodi mara ya tatu ndipo nikamsikia.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nasomea shahada ya pili ya fizikia, na nilikuwa najiona. Nilikotoka na wazazi wangu walikuwa nani hayahusu hapa. Kinachohusu ni kwamba msimamizi wangu, ambaye sote tulimwita Profesa tu, alikuwa ameazimwa darubini na kamera yake na wataalamu wa nchi za nje, kwa sharti kwamba iwekwe mahali penye giza la kweli na itazame nyota moja tu kwa mwaka mzima. Nyota hiyo haikuwa na jina la kutamkika, herufi mbili na namba. Mahali palipochaguliwa palikuwa Kirongwe, kaskazini ya kisiwa, ambako siku hizo umeme haujafika (vifaa vyetu viliendeshwa kwa umeme wa jua), na jengo tulilopewa lilikuwa ghala kuukuu la mbata ambalo wenyewe walikwisha kuhamia bara. Kuta zake za mawe zilikuwa zimenyonya mafuta ya nazi miaka nenda miaka rudi; ukiegemea, nguo inatoka na harufu ya nazi iliyochacha, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni. Hata leo nikiingia duka linalouza mafuta ya nazi natoka bila kununua kitu.

Fundi Hatibu tulimpata kwa sababu ya paa. Tulihitaji paa linalofunguka, na kila tuliyemuuliza alitupeleka kwake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye vidole vyembamba kama vya mshona kofia, na kibarazani kwake alikuwa na meza iliyojaa redio zilizofunguliwa matumbo na saa za mkono za watu wa vijiji vyote vya jirani. Mashine za boti pia alizitengeneza, lakini hizo, alisema, ni kazi ya kuchafuka. Saa ndiyo kazi. Alilitazama lile ghala siku moja nzima bila kushika nyundo, kisha akalikata paa la bati katikati na kulipandisha juu ya vyuma vyenye magurudumu ya toroli, likawa linasukumwa na mtu mmoja. Profesa alifurahi mno akamwajiri hapo hapo kuwa msaidizi wangu. Akaahidi pia kwamba mwaka ukiisha salama, darubini itaachwa kwenye shule ya sekondari iwe ya wanafunzi, na Fundi atakuwa mtunzaji wake wa kudumu, mwenye mshahara.

Nilipanga kwake. Chumba changu kilikuwa cha uani, ukuta mmoja na jiko, kitanda cha kamba, dirisha dogo lenye ubao badala ya kioo. Kwa hiyo mambo mengi ya mwaka ule niliyasikia kabla sijayaona. Nilimsikia Bi Mwanamvua, mkewe Fundi, akipuliza moto, akitwanga kisamvu, akimsema paka. Hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Alinilisha kana kwamba nimeletwa kwake nikiwa mgonjwa: mhogo wa nazi na pweza, wali na mchuzi wa changu, asubuhi chapati za maji na chai ya mchaichai. Nikimshukuru ananikata, "Kula, mwanangu. Shukrani haijazi tumbo la mtu." Na ilikuwa jikoni kwake, siku za mwanzo, ndipo nilipomsikia Fundi akiielezea ile nyota vizuri kuliko nilivyoweza kuieleza mimi.

Bi Mwanamvua alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. "Hatibu, hiyo nyota mnayoichungulia kila siku ina nini hata?"

"Si moja, ni mbili," alisema Fundi. "Moja imekwisha kufa. Ndani hakuwaki tena kitu. Imesinyaa imekuwa ndogo kama dunia hii yetu, lakini uzito wake ni wa jua zima. Nyeupe. Wenyewe wanaiita kibete. Na ni sumaku."

"Sumaku kama ile ya kwenye spika?"

"Hiyo ya spika mbele yake si chochote. Sasa ya pili ni nyekundu, hafifu, lakini ingali hai. Nayo imeisogelea mno mwenzake. Ile mfu inaivuta, inainyonya hewa yake. Kwa kawaida ile hewa ingezunguka zunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu. Hapa haipati nafasi. Sumaku inaishika, inaipitisha njia zake mpaka kichwani kwa ile mfu, inaanguka pale, inawaka. Huo mwanga ndio tunaouona."

"Na hiyo nyekundu ikiisha?"

Fundi alinigeukia. "Mwalimu, ikiisha?"

Nikasema itachukua muda ambao hauhesabiki kwa maisha ya watu. "Maskini," alisema Bi Mwanamvua, akaendelea kukuna nazi yake.

Nilichokuwa nikikipima mimi kilikuwa kitu kimoja. Nyota hizo mbili huzungukana kwa karibu sana hivi kwamba mzunguko mzima haufiki saa mbili. Katika kila mzunguko, ile nyekundu hupita mbele ya ile nyeupe na kuifunika, na mwanga huzimika ghafla, ndani ya sekunde chache tu, kama taa iliyopulizwa. Baada ya dakika kadhaa hurudi. Kuzimika huko huja kwa wakati wake bila kukosea, na mtu anayejua saa yake ni sahihi anaweza kukaa miezi akitazama kama kunawahi au kunachelewa hata kwa sekunde kidogo. Kukibadilika, basi kuna jambo: labda nyota zinakaribiana, au kuna kitu cha tatu, kisichoonekana, kinachozivuta. Kwa hiyo kazi yote ilisimama juu ya saa. Kifaa cha kupokea wakati kutoka kwenye satelaiti tuliahidiwa na hakikufika, na saa ya kompyuta yetu ilikuwa mbovu, kila siku inabaki nyuma sekunde sita. Fundi aliligundua hilo wiki ya kwanza. Akaweka utaratibu. Kila jioni, akishaswali magharibi, alikuja ghalani na redio yake, akasubiri milio ile inayotangulia taarifa ya habari ya saa moja, na kwenye mlio wa mwisho alibonyeza kitufe. Kisha aliandika kwenye daftari, kwa penseli: saa imewekwa, ilikuwa nyuma sekunde sita. Aliandika saa moja, mimi nikiingiza kwenye kompyuta nikaandika kumi na tisa. Hapo hapakuwahi kutokea kosa. Nalisema mapema kwa sababu ya yaliyofuata.

Maneno ya watu yalikuwapo. Siku moja, nikiwa nimejilaza mchana, nilimsikia jirani jikoni akisema kwa sauti ya chini ambayo ukuta ule haukuijali: "Mwanamvua, mumeo na binti wa chuo, ghalani, giza, nawe umekaa?" Bi Mwanamvua alijibu, "Sijakaa. Nipo." Tangu siku hiyo alikuja nasi kila jioni. Alikaa mlangoni, miguu kainyoosha, anasuka ukili wa mkeka kwa kupapasa tu, bila taa, kwa kuwa mwanga ungeharibu picha. Mara nyingine aliuliza, "Imezimika?" nami nikasema bado. Ikizimika nilimwambia, naye alisema alhamdulillahi kana kwamba nimemwambia mtu kapona. Nikiyakumbuka hayo najua kwamba sikuwahi tena kufanya kazi nikiwa na watu wazuri namna ile pembeni yangu. Wakati huo sikuwaona. Nilikuwa naona jina langu juu ya karatasi.

Mwezi wa saba Fundi aliitwa kisiwa cha Shungimbili. Wavuvi waliopiga kambi huko walikuwa na mashine tatu zimekufa kwa mpigo, na hawakuwa na mwingine. Kabla hajaondoka alinikabidhi redio. "Milio ya saa moja, mwalimu. Usiikose. Ukiikosa siku moja si neno, ukiikosa siku nyingi zinajikusanya." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Jioni ya kwanza betri za redio zilikuwa zimeisha na nikaona uvivu kwenda dukani. Ya pili ilinyesha. Ya tatu niliambiwa chakula tayari, nikaenda kula, niliporudi taarifa ya habari ilikuwa katikati kwenye redio za majirani. Baada ya hapo niliacha hata kujisingizia. Bi Mwanamvua alikuwa na homa siku zile, hakuja ghalani. Nilikuwa peke yangu na kompyuta, na nyota ilianza kuwahi. Sekunde sita. Kumi na mbili. Kumi na nane. Kila jioni ilizimika mapema kuliko jana yake.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba sikuunganisha mambo. Nimewaambia hata wanafunzi, nikiwafundisha kuhusu makosa ya vipimo, kisa cha "mtafiti mmoja" ambaye hakuunganisha mambo. Sivyo ilivyokuwa. Siku ya tisa, nikiwa nimeshika kijiko cha uji, ilinijia wazi kabisa: ni saa. Nilikaa na wazo hilo muda wa kumaliza bakuli. Ningeweza kununua betri mbili nikapima pale pale jioni ile. Sikununua. Niliacha siku zipite, mchoro wangu ukazidi kuwa mzuri, na siku ya kumi na tano nilipanda gari la abiria mpaka mjini Kilindoni, nikaomba kompyuta katika ofisi moja iliyokuwa na mtandao, nikamwandikia Profesa kwamba nyota yetu inawahi kwa dakika moja na nusu na kwamba huenda kuna kitu cha tatu kinachozizunguka zile mbili. Alijibu kabla sijanyanyuka kwenye kiti. Aliandika kwamba amewajulisha wenzetu wa nje.

Fundi alirudi kesho yake, ananuka petroli, na jioni alikwenda moja kwa moja ghalani na redio na betri mpya. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Milio ikapita. Akakitazama kioo cha kompyuta, akaitazama saa yake ya mkono, akakitazama tena kioo.

"Mwalimu, iko nyuma dakika moja na nusu na ushei. Uliiweka lini?"

"Kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, Fundi. Labda imeharibika leo."

Hakubisha. Aliiweka sawa. Jioni ile nyota ilizimika kwa wakati wake wa zamani, barabara, sekunde kwa sekunde, na Fundi alikuwa amekaa nyuma yangu akitazama kioo kile kile ninachokitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema wiki hiyo, na wiki iliyofuata. Wiki ya tatu nafasi ilikwisha. Wataalamu wa nchi nyingine waliitazama nyota wakaona haikuwahi hata sekunde moja, wakaandika, na maandishi yao hayakuwa na huruma. Profesa alileta habari kwamba anakuja Kirongwe, pamoja na mgeni, mzee mmoja wa nje aliyehusika na ile darubini. Nilipopata habari hizo nililichukua daftari la Fundi. Kurasa za siku zile kumi na tano zilikuwa tupu. Nikakaa kwenye kile kitanda cha kamba, dirisha nimelifunga, nikaandika kwa penseli, kwa mwandiko wa kulalia upande kama wake: saa imewekwa, ilikuwa nyuma sekunde sita. Saa imewekwa, ilikuwa nyuma sekunde sita. Mara kumi na tano, kisha nikalirudisha daftari lilipokuwa. Jikoni Bi Mwanamvua alikuwa akisugua sufuria kwa ajili ya karamu ya wageni wangu.

Chakula kiliandaliwa sebuleni, mkeka mpya, wali wa nazi, kamba wa kukaanga, achari ya maembe. Wanaume walikula na mimi niliwekwa nao kwa kuwa nilikuwa mtu wa chuo. Bi Mwanamvua na wanawake waliomsaidia walikuwa uani. Alikuwapo pia jirani mwenye duka, Mzee Sudi, aliyealikwa ili awatazame wageni. Tulinawa. Profesa hakungoja hata tule.

"Fundi, hii saa unaiweka vipi?"

"Kwa redio. Saa moja kamili."

"Saa moja ya usiku."

"Ndiyo, ya jioni hii."

Profesa alimtafsiria mgeni. Mgeni aliinua nyusi, akauliza jambo kwa upole sana, nami nililielewa kabla halijatafsiriwa: je, kwa vile watu hawa wanahesabu saa kwa namna nyingine, huenda msaidizi amechanganya? Lilikuwa swali la kipuuzi. Mkanganyiko wa namna hiyo ungekuwa wa saa sita, si wa dakika moja na nusu, na kila mtu aliyeketi kwenye mkeka ule na shahada yake alilijua hilo. Lakini Profesa alikuwa amechoka na ameaibika, na alihitaji kitu cha kuandika. Alinigeukia. "Zile siku kumi na tano. Nani aliyeweka saa?"

Nilisema, "Fundi ndiye anayeweka saa."

Profesa alinyoosha mkono, Fundi akampa daftari, Profesa akalifungua penye zile siku na kumrudishia. "Ni mwandiko wako huu?" Fundi alifuta vidole kwenye shuka. Aligeuza ukurasa, na mwingine, na mwingine. Siku zile alikuwa Shungimbili, bahari nzima katikati. Aliutazama kila mstari taratibu, kama anavyoitazama saa kabla ya kuifungua. Kisha alinitazama mimi. Sikuona hasira. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia mtoto wa mwenziwe aliyepanda juu ya paa.

"Labda nilikosea," alisema. "Macho yangu siku hizi si mazuri."

Mzee Sudi, aliyekuwa ameshaanza kula, aliacha kutafuna. Profesa aliandika kitu. Mgeni alisema haidhuru, mambo kama haya hutokea, akasifu kamba.

Jioni nilimkuta ghalani anafunga paa. Nilimuuliza kwa nini amesema vile. Hakuacha kusukuma. "Umebakiza miezi mingapi?" Nikasema minne. "Basi maliza," alisema. Hilo tu. Nikamaliza. Tasnifu yangu niliiandika kwa zile siku nyingine zote, siku alizoziweka yeye, na ilisifiwa kwa usahihi wa vipimo vyake. Katika ukurasa wa arobaini na kitu kuna sentensi inayosema kwamba matokeo ya wiki mbili yameondolewa kwa sababu ya uzembe wa msaidizi wa kienyeji katika kuweka saa. Sentensi hiyo niliitunga mimi. Ipo maktaba, yeyote anaweza kuisoma.

Darubini haikuachwa Kirongwe. Waliifunga kwenye makasha, wakasema hakuna mtu wa kuaminika wa kuitunza, na nafasi ya utunzaji ikafutika kama vile haikuwahi kutajwa. Yaliyompata Fundi baada ya hapo niliyajua vipande vipande, kwa watu. Mzee Sudi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuongea. Na fundi wa saa aliyekiri mbele ya Wazungu kwamba macho yake ni mabovu, nani atampelekea saa? Wiki hazikupita nyingi meza ya barazani ikawa tupu. Watoto walimwita Fundi Nuru Kidogo. Akabaki na ile kazi ya kuchafuka. Alihamia kambi za wavuvi, Shungimbili zaidi, kwenye mashine, moshi na petroli, na nyumbani alikuja siku mbili tatu kwa mwezi. Nilikwenda kumwona mara moja, nilipokuwa nimekwisha kuajiriwa chuoni. Tulikaa kwenye ile ile baraza. Aliniuliza ile nyota inaendeleaje, nikamwambia imefifia, hewa haiingii kwa wingi kama zamani, huwa inakuwa hivyo, kisha inarudi. Alifurahi kusikia inarudi. "Una jambo, mwalimu?" aliniuliza. Nikasema, "Hapana, Fundi, nilikuja kukusalimu tu." Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimezoea kuishi nalo, ndiyo maana. Watu hudhani kitu kama hicho humwuma mtu kila siku, lakini hapana, kinauma siku moja moja, na siku nyingine unakula na kulala.

Nilifika Kirongwe siku ya pili ya matanga. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua kwa mkuu wa kitivo kueleza yote, na kuiandika kulikuwa rahisi. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanaume wamejaa chini yake na barazani. Mimi niliingizwa ndani. Bi Mwanamvua alikuwa amekaa eda chumbani, kwenye mkeka, kanga nyeupe kichwani, wanawake wamemzunguka. Alikuwa amekonda, uso umebaki mifupa na macho. Nilimpa mkono, "Shikamoo, mama. Poleni sana," akasema marahaba, akanishika mkono asiuachie, akawaambia wenziwe huyu ndiye yule mwanangu wa nyota. Niliomba tuzungumze peke yetu. "Sema hapa," alisema. "Hawa wote wangu."

Nikasema. Sikupamba. Betri, mvua, bakuli la uji, barua ya Kilindoni, zile kurasa kumi na tano. Mwanamke aliyekuwa anasoma juzuu aliacha kusoma.

"Daftari uliliandika wewe," alisema Bi Mwanamvua.

"Ndiyo, mama."

"Naye aliliona."

"Aliliona."

Aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu. "Mimi aliniambia kakosea. Aliniambia, Mwanamvua, niliiweka vibaya kabla sijaondoka, ndiyo imetuponza. Nikamwamini. Kila akija kutoka Shungimbili na kile kifua chake, nilimwambia, umejitakia. Ungekuwa makini ungekaa kwako. Nilimwambia miaka yote. Nilimwambia mwezi huu." Mdomo wake ulikuwa unatafuta neno. "Nilimwambia Jumanne, mwanangu. Anakohoa, nami namwambia, umejitakia. Naye kimya. Sasa mimi radhi nikamwombe nani?"

Nilianza kusema samahani, akainua kiganja, nikanyamaza. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Kwamba maneno yangu yangemchukua mumewe mara ya pili, hilo sikuliwaza. Nilidhani naja kutua mzigo. Kumbe naja kumtwika yeye.

Machozi hayakumtoka. Kisha alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ile aliyonipikia nayo mwaka mzima, "Nje kuna wanaume. Mimi siwezi kutoka. Nenda kaseme kama ulivyosema hapa. Sauti yako niisikie hapa dirishani."

Nilitoka nikasimama mbele ya turubai. Si desturi, mwanamke kusimama pale, na mazungumzo yalikatika yenyewe. Nikatoa salamu, nikataja jina langu, nikasema nilikaa nyumba hii mwaka mmoja, na kwamba kosa lile la saa ambalo watu wote wa Kirongwe wanalijua halikuwa la Fundi Hatibu. Nikasema la nani. Mzee Sudi alikuwa amekaa mbele, sasa kipofu wa jicho moja, mkongojo katikati ya magoti.

"Kwa hiyo macho yake," aliuliza, "yalikuwa mazima?"

"Yalikuwa mazima."

"Saa zetu angeziweza."

"Angeziweza zote."

Mzee Sudi aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa mkongojo. Mtu mmoja nyuma alisema la hawla wala quwwata, mwingine aliinuka akaenda zake bila kunitazama. Hakuna aliyenifokea. Nilisimama nisijue niondoke au nikae, na gari langu la kurudi Kilindoni lilikuwa linangoja barabarani, dereva ameshaanza kupiga honi.

"Mwalimu," Bi Mwanamvua aliita kutoka dirishani, nyuma ya pazia. "Mwambie huyo mwenye gari aende. Utalala hapa. Kesho wanakuja watu wa Shungimbili, aliokaa nao, na keshokutwa wa Kilindoni. Nao utawaambia."

Nikalala chumba cha uani. Asubuhi wavuvi walikuja, watu kumi na saba, wamevaa kanzu zilizokunjamana. Walikaribishwa, wakapewa kahawa, wakasoma fatiha. Walipomaliza, Bi Mwanamvua aliniita kwa jina langu, nikatoka.